Kuchagua Mkoa wa Kukaa Ufaransa Wakati wa Likizo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayekwenda Ufaransa kupumzika, awe anatoka Afrika Mashariki au anaishi Ulaya tayari, na ambaye bado hajaamua aweke mizigo yake wapi. Hayapitii kila mji. Yanashughulikia uamuzi wa mahali pa kulala, kwa sababu huo ndio unaobeba mengine yote: usafiri, chakula, gharama na hata hali ya hewa utakayoikuta.

Ufaransa ina mikoa mingapi, na je, ni lazima niijue yote?

Tangu Januari 2016 Ufaransa ya Ulaya ina mikoa 13, kisiwa cha Corsica kikiwamo. Kabla ya hapo ilikuwa 22. Kwa mgeni hesabu hiyo haina manufaa makubwa, kwa kuwa mikoa mipya ni mipana mno na wenyeji wanaendelea kutumia majina ya kale ya sehemu zao. Nouvelle-Aquitaine peke yake ina kilomita za mraba zipatazo 84,000, zaidi ya mara tatu ya Rwanda, na mtu akikuambia kwamba amepanga nyumba huko hujajua bado kama atakuwa ufukweni Biarritz, kwenye mapango ya Dordogne au katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux. Kwa hiyo unapotafuta malazi tumia majina madogo: Alsace badala ya Grand Est, Périgord au Dordogne badala ya Nouvelle-Aquitaine, Savoie badala ya Auvergne-Rhône-Alpes. Hapa neno mkoa limetumika kwa maana hiyo, yaani sehemu ambayo mwenyeji angeitaja akiulizwa kwao ni wapi.

Nina siku saba hadi kumi tu. Nikae mahali pamoja au nizunguke nchi nzima?

Kaa mahali pamoja. Hili ndilo jibu ninalolitoa kwa uhakika kuliko mengine yote, na ndilo linalopingwa zaidi na watu wanaosafiri mara ya kwanza, kwa sababu wanahisi kwamba nauli waliyolipa inawadai waone kila kitu. Hesabu saa zenyewe. Hoteli nyingi hutaka uondoke chumbani saa nne au saa tano asubuhi, na chumba kipya hupewi mpaka saa tisa alasiri. Ukiongeza safari ya treni, kuvuta masanduku na kutafuta chakula katika mji usioujua, kila kuhama kunakula sehemu kubwa ya siku. Anayehama mara nne katika siku kumi amepoteza siku nne za likizo yake. Inasikitisha kuona familia iliyoweka akiba kwa miaka ikizimaliza siku zake katika vituo vya treni, watoto wakilala juu ya mabegi.

Kwa siku saba, chagua mji mmoja wenye stesheni na uufanye kituo chako. Kwa siku kumi unaweza kuwa na vituo viwili, kwa mfano Paris usiku nne na mkoa mmoja usiku sita. Zaidi ya hapo, mtaka yote hukosa yote.

Je, ni lazima kuanzia Paris?

Si lazima, na wengi hawajui kwamba wanaweza kuipita. Ndani ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle mna stesheni ya treni za mwendo kasi, zile ziitwazo TGV, na baadhi yake huondoka hapo moja kwa moja kwenda Lille, Strasbourg, Lyon, Marseille, Rennes na Bordeaux. Abiria aliyetua asubuhi kutoka Nairobi anaweza kula chakula cha mchana mkoani bila kuingia mjini Paris. Acha tu nafasi ya kutosha kati ya kutua na kuondoka kwa treni, kwa sababu foleni ya pasipoti haina huruma.

Ukianzia katikati ya Paris, kumbuka kwamba kila upande wa nchi una stesheni yake: Gare de Lyon ni ya kusini-mashariki, Montparnasse ni ya Bretagne na Bordeaux, Gare de l'Est ni ya Alsace, na Gare du Nord ni ya Lille na London. Kutoka huko, Lyon na Bordeaux ziko umbali wa saa mbili hivi, Rennes saa moja na nusu, Strasbourg chini kidogo ya saa mbili, na Marseille saa tatu na robo. Nice inachukua karibu saa sita, na anayeitaka Nice tu afadhali atafute ndege.

Kama unataka Paris yenyewe, usiku tatu au nne zinakidhi safari ya kwanza. Panga siku kwa uangalifu, kwani jumba la makumbusho la Louvre hufungwa Jumanne na kasri la Versailles hufungwa Jumatatu, na kila mwaka wapo wanaofika mlangoni siku isiyo yake.

Nimelelewa pwani na nataka bahari. Nichague ufukwe upi?

Swali hili linahitaji jibu refu, kwa sababu bahari za Ufaransa hazifanani kati yao, na hakuna hata moja inayofanana na Bahari ya Hindi. Kaskazini na magharibi, yaani Normandie, Bretagne na pwani yote ya Atlantiki, maji yanajaa na kupwa kwa kiasi ambacho mtu wa Mombasa au Unguja atakishangaa: wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa huko Saint-Malo huzidi meta 12. Unafika asubuhi ukaikuta bahari imepiga ukuta wa mji, na alasiri unatembea juu ya mchanga mkavu hadi kwenye visiwa vidogo vyenye ngome za kale. Lakini ni lazima usome jedwali la maji kabla ya kuvuka, maana maji yakianza kurudi yanarudi upesi. Hata wakati wa maji mafu, jedwali hilo lisikutoke mfukoni. Na maji ni baridi: Bretagne katika Agosti ni nadra kuzidi nyuzijoto 19. Watoto waliozoea kuogelea Nungwi au Diani watatoka majini baada ya dakika kumi.

Kusini-magharibi, katika pwani ya Landes, maji ni ya uvuguvugu kidogo na mchanga hauna mwisho, lakini mawimbi ni makubwa na mchanga hufanya vidimbwi viitwavyo baïnes, ambamo mkondo wa kurudi baharini unaweza kumvuta hata mwogeleaji hodari. Ogelea kati ya bendera tu, mahali palipo na walinzi. Karibu na hapo, kwenye mlango wa ghuba ya Arcachon, upo mlima wa mchanga wa Pilat, wenye kimo cha meta 100 hivi, ambao peke yake unastahili safari ya siku kutoka Bordeaux.

Mediterania ndiyo yenye maji ya joto, nyuzijoto 22 hadi 25 katika Julai na Agosti, na karibu haina kujaa wala kupwa. Usidhani hata hivyo kwamba kila ufukwe wake ni wa mchanga. Ufukwe wa Nice ni wa mawe ya mviringo, mazuri kwa macho na magumu kwa miguu. Familia yenye watoto wadogo itafurahi zaidi upande wa Languedoc, karibu na Montpellier, ambako mchanga ni mpana na bei kwa kawaida ziko chini ya zile za Côte d'Azur, yaani pwani ya Nice na Cannes. Anayependa majabali meupe na maji ya kijani akae Marseille na atembelee Calanques, hifadhi ya taifa tangu 2012. Ajue tu kwamba kiangazi njia zake hufungwa siku ambazo hatari ya moto ni kubwa, na kwamba ghuba ya Sugiton huhitaji nafasi iliyowekwa mapema katika msimu wa watu wengi.

Mashamba ya lavenda ya Provence yanachanua lini?

Kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Julai kwenye uwanda wa Valensole, na baadaye kidogo katika miinuko ya Sault. Mwezi Agosti Valensole huwa imeshavunwa, na mgeni hukuta mistari ya visiki vya kijivu. Kama lavenda ndiyo sababu ya safari yako, weka tarehe kwanza, mkoa baadaye.

Kituo kizuri cha Provence kwa asiye na gari ni Avignon, mji wa mapapa wa karne ya 14, kwa sababu treni za kawaida na mabasi hufika kutoka hapo hadi Arles, Nîmes na Orange, miji yenye majengo ya Kirumi ambayo bado yanatumika. Angalia mambo mawili. Tamasha la michezo ya kuigiza, lililoanza 1947, huujaza mji mwezi Julai na vyumba hupanda bei. Pia stesheni ya TGV iko nje ya mji, na inakubidi upande treni ndogo kuingia katikati; huko Aix-en-Provence stesheni hiyo iko mbali zaidi, na ni lazima upande basi. Kuhusu upepo, Provence ina mistral, upepo baridi na mkavu unaoshuka bonde la Rhône na unaoweza kuvuma kwa siku kadhaa mfululizo. Huusafisha anga na huwachosha watu. Beba koti hata kama utabiri unasema jua.

Kati ya Normandie na Bretagne, ni ipi inayofaa zaidi?

Inategemea unakwenda kutafuta nini. Normandie ni ya historia. Fukwe tano ambako majeshi ya Washirika yalitua 6 Juni 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zimetandaa kati ya Caen na Cherbourg, na mji wa Bayeux ndio kituo bora cha kuzitembelea. Makaburi ya askari wa Marekani huko Colleville, juu ya ufukwe wa Omaha, humfanya kila anayeingia ashushe sauti. Ile tepeti ya kale ya Bayeux, yaani kitambaa kilichotariziwa chenye urefu wa karibu meta 70, haionekani huko Bayeux kwa sasa, kwa kuwa jumba lake lilifungwa Septemba 2025 kwa ujenzi uliopangwa kuendelea hadi 2027. Bustani ya mchoraji Monet huko Giverny hufunguliwa kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Novemba.

Bretagne ni ya miguu na bahari. Njia ya pwani iitwayo GR34 inaizunguka kwa zaidi ya kilomita 2,000, na huhitaji kuitembea yote. Kipande cha saa mbili kutoka kijiji kimoja hadi kingine kinatosha kukueleza kwa nini watu hurudi huko kila mwaka. Mlo wake wa kila siku ni galette, ambayo sisi tungeiita chapati ya maji, ila imetengenezwa kwa unga mweusi usio wa ngano ya kawaida na huviringishiwa yai, jibini au samaki. Kwa wenye gari kuna faida nyingine: barabara kuu za Bretagne hazina ada, tofauti na sehemu kubwa ya nchi.

Mont-Saint-Michel, mlima wa watawa uliozungukwa na maji, uko Normandie kwenye mpaka kabisa, na kutoka Saint-Malo unafikika kwa gari kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo anayekaa Saint-Malo hajanyimwa kitu.

Siendeshi gari. Ni mikoa ipi itakayonitesa?

Dordogne, Corsica, vijiji vya Auvergne na sehemu kubwa ya milima ya kusini. Huko basi linaweza kupita mara mbili kwa siku, na Jumapili lisipite kabisa. Usipange nyumba ya shambani kwa kuvutiwa na picha yake kabla ya kuangalia duka la mkate liko umbali gani.

Mikoa inayomfaa asiye na gari ni Alsace, Côte d'Azur, eneo la Lyon na bonde la Loire kama utakaa mjini Tours. Kwenye Côte d'Azur treni za mkoa hupita kando ya bahari zikiunganisha Cannes, Antibes, Nice, Monaco na Menton, na dirisha la treni hiyo ni matembezi tosha. Kutoka Tours, treni hufika hadi karibu na lango la kasri la Chenonceau, lililojengwa juu ya mto Cher kama daraja. Amboise, alikofia Leonardo da Vinci mwaka 1519, iko dakika ishirini hivi kwa treni. Chambord ndiyo ngumu kidogo, kwa kuwa ni lazima uunganishe treni ya Blois na basi. Usitembelee makasri zaidi ya mawili kwa siku moja, kwa sababu la tatu halionekani tena hata ukisimama mbele yake.

Wanaotaka kukodi gari wachukue leseni ya kimataifa pamoja na leseni ya nyumbani, na wahakikishe kadi ya benki ni ya dereva mwenyewe. Madereva wa Kenya, Tanzania na Uganda wakumbuke kwamba Ufaransa wanapita kulia, jambo ambalo wenzao wa Kongo, Rwanda na Burundi wamelizoea.

Na milima?

Annecy ni chaguo langu kwa familia, kwa sababu ina ziwa la kuogelea na milima kwa pamoja. Chamonix ni kwa anayetaka barafu: gari la kamba linapanda hadi Aiguille du Midi, meta 3,842, na huko juu ni lazima uvae kama wakati wa baridi hata mwezi Julai. Aliyefika kilele cha Kilimanjaro asidhani kwamba Mont Blanc, iliyo fupi kwa zaidi ya meta 1,000, ni matembezi ya namna hiyohiyo. Njia zake hupita juu ya barafu yenye nyufa na huhitaji kamba, vifaa na kiongozi wa milima. Mwezi Februari wanafunzi wa Ufaransa hupewa likizo kwa zamu za kanda tatu, na wiki hizo bei za sehemu za kuteleza kwenye theluji hupanda sana.

Na Dordogne yenye mapango?

Ni sehemu ninayoipenda sana, kwa wenye gari. Pango la Lascaux liligunduliwa 1940 na kufungwa kwa umma 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zinaiharibu michoro; kinachotembelewa leo huko Montignac ni nakala kamili iliyofunguliwa Desemba 2016, na imefanywa kwa heshima kubwa. Anayetaka kusimama mbele ya michoro halisi aende Pech Merle, upande wa mto Lot, na aweke nafasi mapema, maana idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Kaa Sarlat au karibu nayo.

Je, nitapata chakula cha halali na mahali pa kusali?

Katika Paris, Marseille, Lyon, Strasbourg, Lille na Toulouse hutapata taabu. Bucha na mikahawa ya halali ni mingi, na Msikiti Mkuu wa Paris, uliozinduliwa 1926, uko wazi kwa wageni. Mashambani ni tofauti, na ndiyo maana ninashauri familia zinazojali jambo hili zipange nyumba yenye jiko na zinunue nyama mjini kabla ya kwenda. Alsace hasa hupika nyama ya nguruwe katika vyakula vyake maarufu, hivyo jifunze kusema sans porc, yaani bila nguruwe, na uulize hata kama sahani inaonekana kuwa ya mboga tu.

Saa za kula ni ngumu kuliko tulivyozoea. Mikahawa mingi hupokea watu wa mchana kati ya saa sita na saa nane, kisha jiko hufungwa hadi saa moja usiku. Mwezi Juni jua la Paris huzama karibu saa nne usiku, na upande wa Bretagne huchelewa zaidi, kwa hiyo anayesali Isha au mwenye watoto wadogo apange usingizi wake kwa kuzingatia hilo.

Je, mkoa ninaouchagua unahusika na viza?

Unahusika kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ombi la viza ya Schengen, yaani ya eneo la pamoja la nchi za Ulaya, huambatana na uthibitisho wa malazi ya safari nzima. Mwenye hoteli iliyolipiwa huonyesha uwezo wa euro 65 kwa siku; asiye na hoteli huonyesha euro 120. Ukilala kwa ndugu, ni yeye anayeomba cheti kiitwacho attestation d'accueil katika ofisi ya meya wa mahali anapoishi, na cheti hicho hakitoki kwa siku moja. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15.

Viza hiyo inafika Corsica, lakini haifiki Réunion wala Mayotte, ambazo ni Ufaransa lakini ziko nje ya Schengen. Ninalitaja hili kwa sababu wapo wenzetu wenye jamaa Mayotte, wanaozungumza Kimaore, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, na wanaodhani viza ya Paris inatosha kuwatembelea. Viza ya huko huombwa peke yake.

Kwa safari ya kwanza kabisa, ungemshauri mtu aende wapi na lini?

Ningemwambia aende Alsace wiki ya pili ya Septemba, akae Colmar. Shule za Ufaransa zimeshafunguliwa na bei zimepungua kidogo baada ya msongamano wa Agosti, joto limetulia, na mizabibu iko katika mavuno. Treni ya mkoa inamfikisha Strasbourg kwa nusu saa, ambako kanisa kuu lina mnara wa meta 142, na njia ya mizabibu yenye urefu wa kilomita 170 hivi hupita vijijini karibu na mji, ikifikika kwa basi au kwa baiskeli. Mkoa huu ulichukuliwa na Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1918, kisha tena wakati wa Vita vya Pili, na utaliona jambo hilo katika majina ya mitaa, katika paa za nyumba na katika namna wazee wanavyosalimiana sokoni. Soko la ndani la Colmar liko kando ya mfereji. Nenda asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika.